Heri ya Sikukuu ya Mtakatifu Klara

Tumsifu Yesu Kristo!

Salamu za tarehe 11 Agosti ziwafikie wote ambao somo wenu ni Klara: akina mama, mabinti, na ninyi masista mliolichukua jina hilo kwenye nadhiri. Siku yenu imebanwa kati ya Nane Nane na Kupalizwa Bikira Maria, kwa hiyo wengi huipita bila hata kumpigia mwenye jina simu. Leo tusiipite.

Klara alizaliwa Assisi, Italia, yapata mwaka 1194, kwenye ukoo wa wakubwa. Usiku wa Jumapili ya Matawi, 1212, alitoroka nyumbani akateremka mpaka kikanisa cha Porziuncola, Mtakatifu Fransisko wa Assisi akamkata nywele, ishara ya kuwa mtawa. Jamaa zake wakamfuata hadi kwa masista Wabenediktini alikokuwa amehifadhiwa, wamrudishe kwa nguvu. Aling'ang'ania kitambaa cha altare, akafunua kichwa kilichokatwa nywele. Wakajua hapa hakuna mke wa kumwoza mtu. Punde mdogo wake Agnes akamfuata, kisha Beatrice, na hatimaye mama yao, Ortolana, akawa mtawa chini ya bintiye. (Sijui mama gani wa kwetu angeliweza hilo!)

Sikukuu kama hizi tunatakiana riziki na mafanikio, nami sioni ubaya. Ila Klara alihangaikia kibali cha kutokuwa na mali kabisa. Papa Gregori IX alitaka monasteri ya San Damiano, alikoishi Klara na masista wenzake, ikubali mashamba iishi kwayo, hata akawa tayari kumfungulia nadhiri yake ya ufukara. Klara akajibu kwamba anaomba afunguliwe dhambi, lakini kumfuata Kristo hataki kufunguliwa kamwe. Mwaka 1228 Papa huyohuyo akampa hati: asilazimishwe na mtu kupokea mali. Bado akataka ufukara huo uandikwe ndani ya Kanuni, yaani sheria ya maisha, ya shirika lao la masista. Akaiandika mwenyewe, mwanamke wa kwanza kuandika Kanuni ya kitawa iliyoidhinishwa na Papa. Inosenti IV aliithibitisha tarehe 9 Agosti 1253, Klara akiwa mahututi. Alifariki siku mbili baadaye. Hati ya Kanuni hiyo ilikuja kupatikana mwaka 1893, ikiwa imehifadhiwa ndani ya vazi lake.

Msimamo mkali hivyo, ungedhani alikuwa abesi (mama mkuu wa monasteri) wa kuogopwa. Kumbe, japo alikuwa mgonjwa miaka mingi, usiku wa baridi aliamka akawafunika wenzake waliolala. Masista waliotumwa nje waliporudi aliwaosha miguu. Mmoja aliona haya, akauvuta mguu kwa ghafla, ukampiga Klara mdomoni. Klara akaushika tena taratibu, akabusu unyayo. Ninyi mlioko Njombe na Mafinga, ambako kipupwe hakijaisha, mkimfunika mtoto au mgonjwa usiku wa leo, mkumbukeni.

Na mafundi wa televisheni nanyi heri ya sikukuu! Krismasi ya 1252 Klara alishindwa kuamka kitandani, lakini inasimuliwa kwamba aliisikia na kuiona ibada iliyokuwa ikiendelea katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, mbali na alipolala. Ndiyo sababu mwaka 1958 Papa Pio XII akamtangaza kuwa msimamizi wenu.