Majani yakiyeyuka, msiung'oe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wenu wa safu ya bustani, aliyeshauri wiki iliyopita kwamba mmea wa ndani ya tangi la samaki ukianza kuoza majani ung'olewe mara moja, usije ukachafua maji. Kwa mimea mingine, sawa. Kwa kriptokorine, huko ni kumzika mgonjwa angali anapumua.

Mimi nilishazika mmoja. Ilikuwa kriptokorine aina ya wendtii, mmea wenye asili ya Sri Lanka, na ilikaa siku 4 tu kwenye tangi langu la lita 60. Siku ya 5 asubuhi nikakuta majani yana matundu, yamelegea kama karatasi iliyolowa. Nilipoyagusa yakabaki vidoleni kama ute. Nikang'oa, nikatupa. Mizizi ilikuwa myeupe, migumu, lakini nani aliitazama?

Wa pili nao ukafanya yale yale. Safari hiyo nilikuwa na homa, sina nguvu ya kufukua changarawe. Nikakata majani yaliyooza kwa mkasi, nikayatoa, nikabadilisha robo ya maji, basi. Mume wangu akawa ananiuliza kila jioni nafuga nini pale. Wiki ya 3 likachomoza jani moja la kahawia, limejikunja, nene kama njiti ya kiberiti.

Ugonjwa haukuwepo. Huu ni mmea wa kinamasi na kingo za vijito: maji yakijaa unazama, yakipungua unabaki hewani. Wakuzaji wengi huukuza majani yakiwa nje ya maji, maana hivyo hukua haraka. Ukiuzamisha, majani yale ya hewani hayaufai tena. Huyaacha na kuchipua mengine ya majini kwa akiba ya shina na mizizi. Hata kuusogeza kona nyingine, au kubadili taa ghafla, kunaweza kuuyeyusha upya.

Na chakula chake huvutwa zaidi na mizizi. Badala ya kumimina mbolea majini, mimi hufukia kidonge chake karibu na shina.

Ule wa pili una miaka 6 sasa. Umetambaa chini ya changarawe hadi kwenye kioo cha mbele, na machipukizi yake nimeshagawia watu wengi. Kila ninayempa namwambia asinipigie simu kabla ya wiki ya 4. Wote hunipigia siku ya 5.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu