Pikapu feni inanguruma lakini upepo hautoki, nikubali dashibodi ivuliwe?

Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na AC za magari hasa hizi pikapu za dizeli, maana kila fundi ninayemfuata ana lake na kila mmoja anataka nianze kutoa hela.

Gari ni pikapu dabo kebini ya Kijapani, ya 2009, AC zile za kuzungusha kwa mkono. Mimi niko Njombe, nabeba parachichi na miche, mara nyingine nashuka nayo hadi Dar. Tatizo ni upepo, sio ubaridi, upepo wenyewe. Ukiweka feni namba 4 inanguruma kwelikweli lakini ukiweka mkono kwenye matundu unapata kahewa tu, nimeshika risiti ya sheli mbele ya tundu la katikati ikatikisika kidogo basi. Na hita ni hivyohivyo, hewa inatoka ya moto safi ila kidogo, ukihamia AC inatoka ya baridi ila kidogo. Sasa fundi anayeniambia gesi imeisha simuelewi kabisa, gesi inahusika vipi na hita?

Mtu asione ni mambo ya starehe. Huku mwezi wa sita na wa saba alfajiri kioo chote kinashika ukungu, kati ya Makambako na Mafinga unakutana na malori usoni huku mkono mmoja unafuta kioo na kitambaa, na kikifutwa kinarudi hapohapo kwa sababu upepo haufiki juu. Halafu mama yangu ana pumu, nikimpeleka kliniki siwezi kushusha vioo, barabara za vijijini huku vumbi lake mnalijua.

Tulichoshapima ni hiki. Spidi zote nne za feni zinafanya kazi, kwa hiyo rezista (kile kifaa kinachogawa spidi za feni) sidhani, maana ikifa mara nyingi unabaki na ile spidi kubwa peke yake. Fundi umeme alipima kwenye plagi ya bloa, yaani feni yenyewe na mota yake, injini ikiwaka akapata volti 13 na kitu, umeme unafika. Tukaazima bloa ya gari kama hili tukaifunga, upepo ukawa uleule. Nikiweka hewa ya kuzunguka ndani au ya kutoka nje hakuna tofauti, kwa hiyo sio majani yaliyoziba pale chini ya waipa. Na hewa haipotelei kwingine, nimegeuza usoni, miguuni, kiooni, kote ni dhaifu.

Ila nilipotoa kile kidroo cha mbele ya abiria ndio nikaona kitu. Sehemu ya filta ipo, ina mfuniko wake wa plastiki, ndani tupu, hakuna filta, na nilivyolinunua sijui lilikaa hivyo miaka mingapi. Nikamulika na tochi ya simu, koili ya AC, ile inayopoza hewa, huoni mapezi yake (vile vibati vyembamba hewa inapopita katikati), uso wote umefunikwa kama blanketi la kijivu, vumbi limeshikana na nywele na vipande vya majani na limelowa. Kapeti ya upande huo nayo ina unyevu na chini ya gari sioni maji ya AC yakidondoka kama zamani.

Kingine, nikitembea mbali na AC, mfano nimeshavuka Mikumi naelekea Morogoro na joto lile, upepo unazidi kufifia mpaka unakata kabisa. Nikizima AC nikaacha feni peke yake, baada ya muda unarudi. Nahisi koili inaganda barafu.

Sasa fundi mmoja anataka avue dashibodi nzima, mwingine anasema apulize na upepo wa kompresa kupitia kwenye tundu la filta amalize. Dashibodi naiogopa sana, magari mengi yakishavuliwa yanabaki yanagongagonga na klipu zimevunjika, na mule kuna waya za eabegi. Kupuliza nako naona kama mapezi yatalala na uchafu utasukumwa ndani zaidi.

Naomba mnisaidie hapa: kuna aliyesafisha koili kwa lile povu la kupuliza bila kuvua dashibodi, na uchafu mzito kama huu ulitoka kweli? Kama paipu ya kutolea maji imeziba, si maji yote yataishia kwenye kapeti na nyaya, kwa hiyo nianze na paipu kwanza? Au kwenye hizi pikapu boksi la koili linachomolewa upande wa kidroo baada ya gesi kutolewa? Na hiyo barafu, inatokana na koili kuziba au kuna sensa ya joto imekufa nayo, maana nisije nikasafisha halafu ikaendelea kuganda.

Mwenye kujua na bei ya haki ya kazi hii kwa Njombe, Iringa au Mbeya aitaje, na kama kuna fundi aliyekufanyia kazi ikatulia niambie yuko mji gani nimfuate kabla baridi haijaanza.