Baba, lile fundo lako linafungwaje?

Minneapolis, Marekani, Juni 2024

Shikamoo Baba,

Natumai wewe na Mama na wote hapo Pangani hamjambo. Sisi huku wazima. Jua sasa linazama saa tatu usiku, bado sijalizoea.

Nina la kukuchekesha. Mwanao, yule uliyempakia ngalawani akatapika mpaka mkarudi pwani kabla ya kutia nanga, siku hizi anafundisha watu kuvua. Jirani yangu, mzee mstaafu, huwapeleka watoto wa mtaani ziwani kila Jumamosi, na wazazi wao wasiojua pia. Aliposikia baba yangu ni mvuvi, akaniita nimsaidie. Nilikana kwamba najua kuvua, ila nakiri nilikana kwa sauti ndogo.

Tunakwenda Lake Nokomis, humu humu mjini. Maji hayapwi wala hayajai, kwa hiyo hesabu zako za bamvua na maji mafu hazina kazi. Mtoto wa chini ya miaka 16 hahitaji leseni ya kuvua. Mimi yangu nimeilipia. Samaki wetu anaitwa bluegill, mkubwa kama kiganja, bapa. Mwezi huu madume huchimba viota kama visahani kwenye mchanga karibu na ukingo, wakalinda mayai, na kila kinachopita hapo wanakidonoa. Ndiyo maana anayeanza hakosi. Unatia ndoana ndogo na kipande tu cha mnyoo. Mimi nilitia mnyoo mzima, nikawalisha samaki bure asubuhi nzima, chelezo kinachezacheza na ndoana inarudi tupu.

Jumamosi moja nilirusha mshipi ukanasa mtini. Kibinti cha miaka minane hivi kikaniuliza, "Mwalimu, na wewe ni mara yako ya kwanza?" Nikasema ya tatu. Akasema yeye ya nne, akanionyesha wapi pa kubana mshipi kwa kidole na wakati gani wa kuuachia. Tangu siku hiyo nafundisha chambo, yeye anafundisha kurusha.

Sasa sikiliza hili. Mvulana mmoja alivuta samaki wake wa kwanza, kelele gati zima, kisha akanyoosha mkono akaurudisha mbio: miiba ya mgongoni imesimama. Wote wakanigeukia. Nikakukumbuka ulivyomshika changu: unalowesha mkono, unaanzia kichwani, kiganja kinateremka kuelekea mkiani, na pezi linalala lenyewe. Nikafanya hivyo hivyo. Huyu hana sumu kama tasi, anachoma tu, lakini moyo ulinidunda kana kwamba ni tasi. Mvulana akajaribu, akaogopa, akajaribu tena, mara ya tatu akamshika. Akapigwa picha, akamrudisha majini. Ndiyo Baba, wengi tunawarudisha. Mama usimwambie.

Ninaposhindwa ni fundo la kufungia ndoana. Najua moja tu, la kwenye kikaratasi cha maelekezo: zungusha mara tano, pitisha ncha, lowesha kwa mate, kaza. Mate nimeyatambua, nawe ulikuwa unatia mdomoni. Ila langu linateleza, na samaki wawili wameshaondoka na ndoana zangu. Lako ulilifunga usiku bila taa, ukikaza kwa meno, na sikumbuki hata siku moja limefunguka. Nilikuwa nimekaa karibu yako nikitazama taa za nchi kavu, nikiomba turudi.

Basi nakuomba, mdogo wangu akuchukue video kwa simu. Iwe mchana, na ufunge kwa kamba nene badala ya mshipi, polepole, ili nione inapita wapi. Nisimulie na maneno, usifunge kimya kimya kama kawaida yako. Aitume kabla ya Jumamosi, maana kile kibinti kimeshaniuliza mara mbili, na mara ya pili nilikijibu kwamba namsubiri baba yangu.

Fedha nimemtumia Mama. Humo mna yako ya mishipi na chubwi, mdai.

Wasalaam,
Mwanao