Vioo vya rangi vya kujitengenezea na unyevu wa Unguja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya vioo vya rangi vya kujitengenezea nyumbani, kazi ambayo mtaani kwetu huanza kila Idi inapokaribia, hasa kwa wasichana wa skuli. Kazi yenyewe naipenda. Ninachokilalamikia ni ile njia wanayofundishana, ya kuchanganya gundi nyeupe ya mbao na rangi ya chakula, kwani haiwezi hali ya hewa ya visiwani.

Mwaka jana, kabla ya masika, mimi na binti wa ndugu yangu tuliijaribu kwa vipande viwili vya kioo. Kwa wiki tatu dirisha la ukumbini lilipendeza kweli. Jua la asubuhi likipiga, sakafu inajaa madoa mekundu na ya buluu, na bibi akawa anausogeza mkeka wake kuyafuata. Mvua zilipoanza, gundi ikageuka nyeupe kama tui na mistari inayotenganisha rangi ikateremka. Nyekundu haikuingoja hata mvua, ilikwisha kupauka kwa jua.

Sababu si uzembe wa mpakaji. Gundi hiyo ni ya maji, na hata ikikauka hulainika tena ikipata unyevu, ilhali rangi ya chakula haikukusudiwa kukaa juani. Vioo halisi, kama vile vinavyopamba jengo la Dispensari ya zamani mbele ya bahari, lililomalizika mwaka 1894, havikupakwa juu juu: rangi hutiwa kioo kikiwa bado kimeyeyuka motoni, kobalti ikitoa buluu na shaba ikitoa kijani, ndiyo maana jua haliifuti.

Anayetaka kazi yake idumu atafute rangi ya kioo inayosafishwa kwa tina, aitumie madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa mbali. Mistari ichorwe kwa rangi nyeusi nzito ya akriliki, ambayo ikishakauka haiyeyuki kwa maji. Bomba la sindano lililotolewa sindano yake linafaa sana kuichorea. Kioo kifutwe kwanza kwa siki, kilazwe juu ya meza, na mistari iachwe siku nzima kabla ya kujazwa. Upande uliopakwa utazame ndani.

Jambo jingine linanikera zaidi. Katika nyumba moja ya kupanga Mji Mkongwe niliona vioo vya zamani vya juu ya mlango vimepakwa rangi hizi ili vifanane na kipya kilichozibia pengo, kisha vikakwanguliwa kwa wembe vikabaki na michirizi. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na vioo hivyo ni sehemu yake. Palipo na pengo, fundi akate kioo kipya kwa kipimo, kipakwe mezani, kisha kitiwe kwenye fremu bila kuvigusa vya jirani.

Kipande chetu cha pili tulikipaka upya kwa njia niliyoieleza, na masika ya mwaka huu yamepita kikiwa dirishani, ila kona moja ambako mistari haikukutana, buluu ikavujia kwenye njano na kutoa kijani ambacho hatukukikusudia. Bibi anasema ndicho kizuri kuliko vyote.

Msomaji wako,
Kikwajuni, Unguja