Kulia ni kulia kwa gari, si kwako uliyesimama mbele yake

Ndugu Mhariri,

Habari za ajali katika magazeti yetu mara nyingi huwa na sentensi ya namna hii: "Lori liliigonga daladala ubavu wa kulia." Kulia kwa nani? Kwa dereva aliyeketi, au kwa shahidi aliyekuwa kituoni akiitazama daladala ikimjia? Mtu anayelitazama gari usoni, mkono wake wa kulia unaelekea kushoto kwa gari. Kwetu tunaoendesha kushoto tofauti hiyo si ndogo. Ubavu wa kulia ndio unaopishana na magari yajayo. Wa kushoto ndio wenye mlango wa abiria, tena ndio ulio karibu na watembea kwa miguu. Ukikosea upande, umekosea na namna ajali yenyewe ilivyotokea.

Kanuni ipo, na ni moja kwa viwanda vyote: kulia na kushoto kwa gari huhesabiwa kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele. Usukani uwe kulia au kushoto, kanuni ni hiyohiyo. Gari lirudi nyuma au lipinduke matairi juu, ni hiyohiyo. Daktari akiandika "mguu wa kulia" anamaanisha wa mgonjwa, hata kama yeye amesimama upande wa miguuni na mguu huo uko mkabala na mkono wake wa kushoto. Gari nalo lina kulia kwake.

Gereji, mkanganyiko huanza boneti inapofunguliwa. Fundi anainama mbele ya gari akiitazama injini, kwa hiyo kwake kila kitu kimegeuka. Msaidizi yuko chini, amelala chali, kaingia kwa kichwa kutokea mbele, miguu imebaki nje ya bampa. Huyu wa chini, ajabu yake, yuko sawa na gari: mkono wake wa kulia ndio kulia kwa gari. Angeingia kutokea nyuma, naye angegeuka. Basi wa juu akisema "legeza bolti ya kulia", wa chini analegeza ya kulia kweli, kumbe mwenzake alikusudia ile nyingine.

Wengi hukwepa ugomvi huo kwa kusema "upande wa dereva" na "upande wa abiria", au kwenye basi "upande wa kondakta". Kwa Tanzania, Kenya na Uganda msemo huo unatosha siku nyingi, kisha siku moja unakuangusha. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kwenda Burundi, magari huhamia kulia mwa barabara, na gari lililotengenezwa kwa barabara hizo dereva wake huketi kushoto. Burundi kuna ugumu zaidi, kwa kuwa magari mengi ya Kijapani yaliyofika huko yana usukani kulia ingawa barabara ni ya kulia. Katika ua mmoja wa gereji Bujumbura, "upande wa dereva" unaweza kuwa pande mbili tofauti kwa magari mawili yaliyoegeshwa sambamba.

Halafu kuna video. Vijana wengi wa gereji siku hizi hujifunza kwa simu, na video nyingi za ufundi hutoka Marekani, ambako dereva huketi kushoto. Mmarekani akieleza Subaru yenye injini ya EJ20 atasema silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa abiria. Ni kweli, kwao. Zipo kulia kwa gari, na kwetu huko ndiko aliko dereva. Anayefuata neno badala ya upande atabadilisha plagi au koili ya silinda isiyo na tatizo na kuiacha ile mbovu.

Mashine ya kupimia nayo ina fumbo lake. Ikileta msimbo wa hitilafu P0420 inalalamikia kataliti (kifaa cha kusafisha moshi) ya benki ya 1. P0430 ni ya benki ya 2. Benki ya 1 haimaanishi kulia wala kushoto. Ni ile safu ya silinda yenye silinda namba 1, basi. Kwenye Harrier yenye injini ya V6 ya 1MZ-FE, iliyolazwa kwa upana wa gari, benki ya 1 iko nyuma, karibu na ukuta wa dashibodi, na ya 2 iko mbele karibu na rejeta. Hapo ukiuliza "kulia au kushoto?" umeuliza swali lisilo na jibu, na sensa ya oksijeni utakayonunua huenda ikafungwa pasipohusika. Misimbo ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge) ya Toyota ni ya wazi zaidi: C0200 ni sensa ya gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto.

Dukani, dawa ni namba. Spea za Toyota zina namba ambayo tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa pamoja na upande, na kulia hutangulia. Mlango wa mbele kulia ni 67001, wa mbele kushoto 67002, wa nyuma kulia 67003, wa nyuma kushoto 67004. Taa kubwa ya kulia 81110, ya kushoto 81150. Taa ya nyuma ya kulia 81550, ya kushoto 81560. Saidi mira ya kulia 87910, ya kushoto 87940. Shokapu ya mbele kulia 48510, kushoto 48520. Draivu shafti ya kulia 43410, ya kushoto 43420, na hizi kwenye magari madogo kama Vitz na IST hazibadilishani: giaboksi imekaa kushoto kwa gari, kwa hiyo shafti ya kulia ni ndefu zaidi. Herufi RH ni kulia na LH ni kushoto. Ila tahadhari na herufi mojamoja: kwenye RL, ile R ni ya nyuma, siyo ya kulia. RL ni nyuma kushoto.

Spea iliyotumika ikitoka Japani wakati mwingine huwa imeandikwa kwa kalamu nene, herufi moja tu ya Kijapani. Haihitaji mkalimani. Herufi mbili za pande hufanana sehemu ya juu, tazama chini. Yenye kisanduku chini, 右, ni kulia. Yenye umbo kama la I kubwa yenye vijiti juu na chini, 左, ni kushoto.

Kuna vifaa vinavyokubali kufungwa upande usio wake, na hivyo ndivyo hatari. Kalipa ya breki ni mfano mzuri. Kwa magari mengi, kalipa ya kushoto ikipelekwa kulia bolti zinaingia vizuri kabisa, lakini nipo, yaani kichuchu cha kutolea upepo, ambayo inapaswa kuwa juu, inakuwa chini. Hewa hupanda juu ya mafuta, kwa hiyo haitoki hata upampu pedeli kutwa nzima. Pedeli inabaki laini na mtu ananunua masta silinda bure. Dawa ni kuzirudisha kalipa kila moja kwake. Matairi yenye mshale wa mzunguko ni hivyohivyo: likihamishwa upande bila kuvuliwa kwenye rimu, mshale unatazama nyuma, na wakati wa mvua mifereji yake inayavuta maji katikati badala ya kuyatupa nje.

Kwenye malori ya Kijapani ya zamani, yawe Fuso, Isuzu, Hino au UD, upande hubadilisha hata njia ya kufungua nati. Magurudumu ya kushoto yana stadi (bolti zinazoshika gurudumu) zenye uzi wa kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Kufungua huko unazungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Asiyejua anatia bomba kwenye spana, analikalia, na kumbe anazidi kukaza mpaka stadi inakatika. Tazama ncha ya stadi kabla hujaanza: kwa kawaida ina L au R. Malori mapya ya Japani, tangu yalipoanza kufuata mtindo wa kimataifa mnamo mwaka 2010, yana uzi wa kulia pande zote mbili, kwa hiyo usijibu kwa mazoea.

Maelezo ya taa kubwa nimeyaacha hadi sasa kwa makusudi, maana hapa wasiojua wanawaumiza wengine. Maneno yenyewe ni mtego: gari tunaloliita "lefti hendi" ni la usukani kushoto, nalo ni la nchi zinazoendesha kulia. Taa ya kulia ya Land Cruiser iliyotoka Dubai ni ya kulia kweli, inaingia kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Lakini Dubai wanaendesha kulia. Taa ya kushusha haimwagi mwanga sawasawa. Ina ukingo uliokatwa, na upande mmoja ukingo huo hupanda ili kumulika kando ya barabara, walipo waenda kwa miguu na alama za barabarani. Taa ya Dubai hupandisha mwanga kulia. Kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako, naye anapofushwa ingawa wewe umeshusha taa kwa adabu zote. Kuinamisha taa zaidi hakutibu. Kunakunyima mwanga wewe na bado ukingo unapanda upande uleule.

Kwa hiyo unaponunua taa taja mambo mawili: upande wa gari, na kama ni ya barabara ya kushoto au ya kulia. Taa yenye alama ya E ndani ya duara, ikiwa ni ya barabara ya kushoto tu, huwa na mshale kwenye kioo. Na hata mshale huo umekuja kutuchanganya: kwako unayeitazama taa usoni, unaelekea kulia. Ni sahihi, kwa sababu kulia kwako hapo ni kushoto kwa gari. Isiyo na mshale ni ya barabara ya kulia. Yenye mshale wa ncha mbili inafaa kote.

Uthibitisho ni ukuta. Egesha gari mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa na dereva awe kwenye kiti, taa ziwe mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa, kisha washa ya kushusha. Kwa gari dogo lenye kiwango cha asilimia 1 (mwanga hushuka sentimita 1 kwa kila mita), ukingo wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama. Ukiwa na nafasi ya mita 5 tu, iwe sentimita 5. Simama mgongo ukielekea gari na uso ukutani, hapo kushoto kwako na kwa gari ni kumoja. Ukingo wa mwanga unapaswa kupanda kushoto. Ukipanda kulia, rudisha taa dukani.

Kuhusu lugha, sioni haja ya kubuni msamiati. Mabaharia wetu walikuwa na joshini (upande upepo unakotoka) na demani (upande unakoelekea), lakini hizo hufuata upepo, na chombo kikigeuza tanga nazo hugeuka, hazitufai barabarani. Sisi Watanzania tumekwisha kuita mzunguko wa barabarani "kipilefti", neno ambalo litamshangaza mtu wa Kigali anayeuzunguka kwa kulia kila siku. Linalotosha ni kuongeza maneno mawili: "kulia kwa gari", "kushoto kwa gari". Kwenye karatasi ya kazi ya gereji iandikwe hivyo, na "upande wa dereva" ubaki wa mazungumzo.

Kwa waandishi wenu ninaomba moja zaidi, kwenye maelezo ya picha. Gari likipigwa picha kwa mbele, kilicho kulia kwenye picha ni kushoto kwa gari. Likipigwa kwa nyuma, pande zinalingana. Na picha zinazotumwa na mashuhuda, hasa zilizopigwa kwa kamera ya mbele ya simu, nyingine huwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Someni kwanza kibao cha namba: herufi zikisomeka kinyume, igeuzeni picha kabla hamjaandika gari liligongwa wapi.

Fundi wa magari,
Gerezani, Dar es Salaam