Salamu za Krismasi toka huku baridini

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu, wajomba, mashangazi na wanangu wote mlioko Dodoma na Dar. Nawatakia Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, Mungu ametuvusha. Mwaka ulikuwa mgumu jamani, bili ya gesi imepanda mpaka hita tunawasha jioni tu, na nauli ya ndege ndo msiulize. Nauli hiyohiyo ndo ilinishinda mwezi wa tano, mama akazikwa nikiangalia kwenye simu, picha inagandaganda. Niliona mikono inatupa udongo, wangu haumo.

Sa mwezi wa kumi kanisani wakatupeleka Eyam, kijiji huko Derbyshire, hapahapa Uingereza, parokia ndogo tu. Mwaka 1665 fundi nguo wa pale aliletewa vitambaa toka London vina unyevu, msaidizi wake George Viccars akavitandaza karibu na moto vikauke, kumbe vimekuja na viroboto wa tauni, siku chache tu kafa. Mwaka uliofuata padri William Mompesson na mwenzie Thomas Stanley wakakubaliana na watu kwamba hatoki mtu, wasije wakaua vijiji vya jirani. Chakula wanaachiwa mpakani, hela wanaweka kwenye vitobo vya jiwe vyenye siki, waliamini inaua ugonjwa. Ibada nje bondeni, na kila nyumba izike watu wake. Walikufa kama 260, hadi Catherine, mke wa padri.

Ila aliyenimaliza ni Elizabeth Hancock. Agosti 1666, ndani ya siku 8, kazika mume na watoto 6, yeye mwenyewe, hakuna wa kumshikia jembe. Makaburi yapo kilimani, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Nikaushika ule ukuta nikalia kwa sauti, wazee wa Kiingereza niliokuja nao wakajifanya wanaangalia kondoo.

Kwa hiyo wapendwa, msiba wa jirani nendeni, hata kama mna kinyongo, hata kama mchango hamna. Acheni kuhesabiana nani katoa ngapi! Na nyie vijana mnaotuma "pole" kwenye kundi halafu mnarudi kwenye mpira, mtubu, jembe halishikwi kwa simu.

Kaka, hela kidogo nimetuma, mnunue mchele na mbuzi kama bei inaruhusu. Asubuhi kabla ya ibada pita kwa mama upalilie, umwekee kiganja kimoja cha udongo, mwambie ni wangu.

Heri ya Krismasi wote.