Mpox: tuonyeshe picha mwaloni, tusifukuze wageni

Mhariri,

Tangu Wizara ya Afya itangaze wagonjwa wawili wa kwanza wa mpox (homa ya nyani) nchini, Machi 10, 2025, hapa mwalo wa Kibirizi anayeshuka kwenye boti kutoka Kongo au Burundi anakodolewa macho na watu wasiojua hata wanachokitafuta. Mteja wangu wa Kalemie, Kongo, mama mtu mzima, alinyimwa bajaji kwa sababu ya vipele vya joto shingoni. Dagaa wake alikuwa ameshawalipia. Hajarudi tena, na sioni nani amekingwa kwa hilo.

Ugonjwa huu ni wa ukoo mmoja na ndui, na ndui Kigoma inaifahamu. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, baada ya kulizunguka ziwa, aliikuta imeushika mji, ikaua na watu wa msafara wake. Ilisafiri na misafara ya pembe na watumwa. Aina hii mpya ya mpox nayo iligundulika Kamituga, mji wa wachimba dhahabu huko Kivu Kusini, mwaka 2023. Kufika Julai 2024 imeshaingia Burundi. Inafuata watu na biashara zao, na biashara hizo ndizo zinazotulisha. Ukimfukuza mgeni Kibirizi atashukia ufukwe mwingine usiku, ambako hakuna bwana afya wala ndoo ya kunawia.

Sisi tuliozaliwa miaka ya 60 wengi tuna kovu la chanjo ya ndui begani. Kijana mmoja mchukuzi alinipandishia mkono wa fulana: "Mama, mbona hata mimi ninalo?" Nikaliweka langu karibu na lake. La kwake dogo, limeinuka kidogo; hiyo ni chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga. Langu pana, limebonyea katikati. Watafiti waliofanya kazi Zaire (Kongo ya sasa) miaka ya 1980 walikadiria kwamba aliyechanjwa ndui alikingwa na mpox kwa kiasi cha asilimia 85. Lakini mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kuwa ndui imekwisha, na chanjo ikaachwa. Kwa hiyo wachukuzi, mabaharia na mabinti wanaotuanikia dagaa, karibu wote hawana kinga hiyo. Na sisi wenye makovu tusijidai, kinga ya zamani hivyo hupungua.

Ndui haikumalizwa kwa kufukuzana. Wala mwishoni hawakuhangaika kumchanja kila mtu: walimtafuta mgonjwa, wakamtenga, wakawachanja waliokuwa karibu naye. Kumtafuta kwenyewe kulifanywa kwa kadi yenye picha ya mtoto aliyejaa vipele, ikapitishwa sokoni na shuleni, watu wakiulizwa kama wamemwona mwenye hali hiyo. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani liliahidi dola 1,000 kwa atakayetoa taarifa ya mgonjwa wa kweli. Huku kwetu anayejisema anapoteza wateja, halafu tunashangaa watu wanajificha!

Ila kuna jambo ndui haikuwa nalo. Yenyewe iliishi kwa binadamu peke yake. Mpox inaishi pia kwa wanyama wa porini, hivyo hata ikitulia leo, kesho inaweza kurudi, na mwalo utakuwa palepale.

Naiomba halmashauri ibandike picha kwenye mabanda ya tiketi, tena picha za ngozi yetu nyeusi. Zionyeshe mitoki iliyovimba, na vipele vya viganjani na nyayoni, maana tetekuwanga mara nyingi haifiki huko. Maelezo yawe ya Kiswahili na Kirundi, na namba 199 ya Wizara iandikwe kwa herufi kubwa. Mgonjwa akipatikana, wale aliogusana nao wafuatwe kimyakimya majumbani, si kwa kipaza sauti mbele ya boti.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma